Nukta za Kijani

Daktari Rozhkova hakuvua hata kofia.
Alitazama kifua cha Seva, akatazama nyuma ya masikio:
kipele chekundu, lengelenge la maji, ganda kavu,
vyote kwa pamoja, mtoto, mzazi na babu kwenye ngozi moja.
"Tetekuwanga," alisema. "Siku kumi hivi.
Usiogope, mama, ila usilale sana."

Ndiyo maana usiku huu, Perm, mwezi wa pili,
mto Kama ukiwa jiwe toka ukingo hadi ukingo,
mwanangu amesimama juu ya kigoda cha jikoni
uchi kama kiazi kilichomenywa,
nami nina kijiti chenye pamba na kichupa cha dawa ya kijani,
ile ile iliyomtia madoa kila mtoto wa ghorofa hizi
tangu kuta zilipokuwa bado zinanuka saruji.

"Itaniponya?"
Hapana, Seva. Kijani hakiponyi. Kijani kinahesabu.
Leo nakupaka zote. Kesho, isiyo na rangi ndiyo mpya.
Siku nitakayokizungusha kijiti mwili mzima
nikakosa pa kukigusisha,
hapo tutajua ghala lake limeisha.
Moja kisogoni. Mbili kwapani.
Moja, maskini, ndani ya mdomo;
hiyo hatuipaki, hiyo tunaipa uji uliopoa.

Nimemkata kucha hadi vidole vikalalamika.
Nimemvisha soksi mikononi, anaipiga hewa ngumi.
Maji ya vuguvugu yenye magadi; taulo la kubonyeza, si la kusugua.
Homa ikipanda, paracetamoli, kwa uzito wake.
Jirani Nelli amebisha na aspirini, kwa wema wote wa duniani;
nimeipokea kwenye upenyo wa mlango,
nimeshukuru, nimeitupa.
Kwenye friji nimebandika karatasi:
akipumua kwa shida, akilala asiamshike,
doa likivimba likawa la moto,
piga simu. Usingoje asubuhi.

Lakini nani alimletea?
Chekechea wanaapa kwao hakuna mgonjwa.
Nikahesabu kurudi nyuma, siku kumi na nne, kumi na tano,
nikafika Jumapili ile mama yangu, Kapitolina,
alipofunua ubavu wa kushoto: mkanda wa jeshi,
malengelenge yamejipanga kama vifungo vya koti la askari,
na Seva mapajani pake, kidole mbele,
"Inauma hapa? Na hapa?"

Mama aliugua tetekuwanga akiwa na miaka sita.
Imepona, walisema. Ilikuwa imejificha tu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hakupewa jembe, alipewa mshipa wa fahamu alale,
akalala miaka sitini na mitatu,
akaamka majira haya ya baridi
baada ya sisi kumzika baba na mwili wa mama kuchoka kulinda mlango.

Sasa mama hatoki chumbani.
Bakuli lake nalirudisha uji umeganda.
"Nimempa nini mjukuu wangu," anauambia ukuta.

Mdogo wangu Rimma ana mimba ya miezi saba
na ugonjwa huu hajawahi kuupata; nimemkataza hata ngazi zetu.
Leo alasiri alisimama uani, ghorofa nne chini,
Seva akabandika tumbo lake la madoa kwenye kioo,
naye Rimma akatoboa theluji kwa kisigino,
nukta, nukta, nukta, mpaka akatokea mtu.

Nimefunga kichupa. Nimegeuka kunawa vidole,
kijani hakitoki, kitakaa hadi Ijumaa.
Nikigeuka tena, kigoda kitupu, kichupa hakipo.
Mlango wa chumba cha mama umeachwa wazi kidogo.
"Geuka, bibi. Usipopakwa hutajua mpya ni zipi."
Kimya. Kitanda kinalia.
Kisha sauti ndogo inahesabu maganda ya zamani:
moja, mbili, tatu, nne, sita...

"Tano umeiruka," anasema mama.